Kuhama Bila Kupoteza: Jinsi ya Kuhifadhi na Kufunga Vitu vya Nyumba

(MUZIKI WA KIPINDI. UNASIKIKA KWA SEKUNDE 15, KISHA UNAPUNGUA.)

MTANGAZAJI: Kama mko kwenye kikundi cha wasikilizaji, msogee karibu na redio. Na kama unausoma mswada huu, wasomee na jirani ambao hawakuwahi kusikia.

Leo tunazungumza kuhusu kuhama. Hatuzungumzii ile safari ya kwanza ya kukimbia vita, ambayo kila mmoja wetu anaijua yake. Tunazungumzia kuhama kwa nyumba baada ya hapo: kutoka kituo cha mapokezi kwenda kwenye kiwanja ulichopewa, kutoka makazi moja kwenda mengine, kutoka makazi kwenda mjini kutafuta kazi au shule, au kutoka chumba kimoja kwenda kingine kwa sababu kodi imepanda. Tutatumia mfano wa miji miwili ya mashariki mwa Uganda, Jinja na Mbale, kwa sababu watu wa pande hizo wana mengi ya kutufundisha kuhusu kuhama.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kupoteza nako huanza kwa haba. Leo kadi ya chanjo imelowa. Kesho sufuria imebaki kwenye lori. Keshokutwa maharage yamejaa dumuzi. Mtu mwenye mali nyingi hahisi. Lakini kwetu sisi, sufuria moja ni chakula cha familia, na karatasi moja ni jina lako katika ofisi.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Tuanze na historia kidogo. Mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, watu wengi walivuka mpaka wakaingia Uganda. Walipokelewa Mulanda, katika wilaya ya Tororo, si mbali na Mbale. Baadaye mwaka huo wa 2008 walihamishiwa Kiryandongo, upande mwingine kabisa wa nchi. Watu waliokuwa wameanza kuzoea sehemu moja walilazimika kufunga tena.

Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Machi 2010, mlima ulimomonyoka huko Nametsi, Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Mbale. Mamia ya watu walifukiwa. Baadhi ya walionusurika, ambao ni raia wa Uganda, walihamishiwa Kiryandongo hiyo hiyo, jirani na makazi ya wakimbizi. Kuanzia mwaka 2019, familia nyingine za milimani zilipelekwa kwenye nyumba zilizojengwa na serikali huko Bunambutye, wilaya ya Bulambuli.

Na usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa iliujaza mto Nabuyonga na mto Namatala. Maji yakaingia ndani ya mji wa Mbale watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha.

Ninayataja haya ili tuone jambo moja. Kuhama si kwa wakimbizi peke yao. Na mara nyingi siku ya kuhama huja kabla hujajiandaa. Ndiyo maana neno kubwa la kipindi cha leo ni hili: anayehifadhi vizuri amekwisha kufunga nusu ya mzigo. Kile chombo unachohifadhia kitu kila siku, kiwe ndicho chombo utakachokibebea siku ya kuhama.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Kabla ya kugusa hata kijiko, kuna mambo mawili ya kushughulikia: karatasi na mahali unapokwenda.

Kwanza karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, kwa masharti yanayowekwa kisheria. Lakini haki ya kutembea ni kitu kimoja, na mgao ni kitu kingine. Mgao wa chakula au wa pesa hutolewa mahali ulipoandikishwa. Ukihamia Jinja au Mbale, usitegemee mgao ukufuate huko. Na kuhamisha jina la familia kutoka makazi moja kwenda mengine ni jambo la kuidhinishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo wengi tunaiita OPM. Kwa hiyo nenda ofisini kwanza, uliza, pata jibu, kisha ndipo ufunge mzigo. Wasikilizaji wetu walio Kenya na Tanzania, sheria za huko ni tofauti: msitoke kambini bila kibali.

Chukua pia barua ya utambulisho. Katika makazi, anza na viongozi wa kamati ya wakimbizi na mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1. Ukifika mahali papya, jitambulishe kwa LC1 wa hapo siku ya kwanza au ya pili. Mgeni aliyejitambulisha akiibiwa, ana mtu wa kumsemea.

Watoto wa shule waombewe barua ya kuhama na ripoti zao kabla muhula haujakwisha, maana shule ikifungwa utamkosa mwalimu mkuu. Mgonjwa anayetumia dawa za kila siku, iwe za shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, aende kliniki aombe barua ya uhamisho na dawa za kumfikisha hadi atakapopokelewa kliniki mpya. Mama mjamzito asisahau kadi yake ya kliniki.

Pili, mahali. Huko Jinja na Mbale chumba kimoja cha kupanga watu wanakiita muzigo. Sisi wa Kiswahili tunacheka kidogo, maana kwetu mzigo ni kitu cha kubeba. Lakini kuna ukweli ndani yake: chumba ukikichagua vibaya, kitakuwa mzigo kweli. Usilipe kabla hujakiona, au hujamtuma mtu unayemwamini akakiona. Pima kwa hatua zako: kitanda kitakaa wapi, jiko wapi? Tazama kuta. Kama kuna mstari wa matope au rangi imebabuka chini, maji huingia humo. Mbale, ukipata chumba karibu na Nabuyonga au upande wa Namatala, waulize majirani maji ya mwaka 2022 yalifika wapi. Jinja, ukielekea Masese, karibu na ziwa, uliza swali hilo hilo. Bei nafuu ina sababu yake. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo ulizia hilo mapema, na ukilipa dai risiti.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Sasa tuingie ndani ya nyumba. Toa vitu vyote nje, uvigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vya kwenda navyo. Fungu la pili ni vitu vya kumwachia mtu. Fungu la tatu ni vya kuuza au kutoa.

Namna ya kuamua ni rahisi. Jiulize: kukisafirisha kitu hiki kutanigharimu kiasi gani, na kukinunua tena huko niendako kutanigharimu kiasi gani? Meza nzito ya mbao ambayo nauli yake inakaribia bei yake, iuze. Mawe ya jikoni yaache. Lakini kinu kizuri cha mama, cherehani, au jembe lako la kazi, hata kama ni kizito, kinaleta chakula. Hicho kinakwenda.

Vitu unavyomwachia ndugu au jirani, viandike kwenye karatasi mbili. Moja yako, moja yake. Kila mmoja aweke sahihi au alama ya dole gumba mbele ya shahidi. Wengine wataona ni kumdharau jirani. Hapana. Karatasi inaulinda ujirani, kwa sababu miezi sita ikipita kila mtu anakumbuka kwa namna yake.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Tumesema chombo cha kuhifadhia kiwe cha kubebea. Ni vyombo gani hivyo?

Cha kwanza ni sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Mafundi wa bati huyatengeneza, na utayapata katika masoko ya Jinja na Mbale na hata kwenye maduka ya makazi. Panya hawezi kulitoboa, linafungwa kwa kufuli, na nyumbani ni kiti. Weka humo nguo nzuri, vitabu, na vitu vya thamani.

Cha pili ni ndoo yenye kifuniko. Nyumbani inahifadhi unga au sukari. Njiani inabeba vikombe na vitu vinavyovunjika.

Cha tatu ni jerikeni ya lita 20. Tutarudi kwake tukifika kwenye nafaka.

Cha nne ni gunia la plastiki lililofumwa, lile la unga au mchele. Ni rahisi kupatikana na ni jepesi. Lioshe, likauke juani, ulikunje uliweke. Usilitupe kamwe. Magunia sita yaliyokunjwa chini ya godoro hayachukui nafasi, lakini siku ya kuhama ni msaada mkubwa.

Nyumba zetu ni ndogo, kwa hiyo tumia kuta na dari. Funga kamba imara chini ya paa, utundike mifuko ya nguo. Inua vitu kutoka sakafuni kwa matofali na ubao, na uache nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta. Unyevu hupanda kutoka chini na hutoka ukutani, na panya hupenda kujificha pale pasipo na nafasi ya kufagia.

Na uzito? Kipimo tunacho kila siku. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na kidogo. Mzigo wowote unaofunga usizidi uzito huo sana. Gunia la kubebwa na wanaume wawili litakufanya uwalipe wanaume wawili, na litapasuka wakiliangusha. Vitu vizito viende kwenye vyombo vidogo, vitu vyepesi kwenye vyombo vikubwa.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Sasa nyaraka. Hapa ninaomba kila mtu asikilize vizuri.

Kitambulisho cha mkimbizi, karatasi ya familia, kadi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, barua za hospitali, risiti za kodi. Vyote hivyo visiingie kwenye lori. Vikae mwilini mwa mtu mzima mmoja wa familia, na mtu mwingine ajue viko wapi.

Vifunge hivi: vipange bila kuvikunja zaidi ya inavyohitajika, viingize kwenye mfuko wa plastiki usiotoboka, toa hewa, kunja mdomo mara tatu, ufunge kwa raba. Kisha utie mfuko huo ndani ya mfuko wa pili, mdomo ukielekea upande mwingine. Maji yakipita wa kwanza, yatakutana na wa pili. Kisha vyote viende kwenye mkoba wa kitambaa wa kuvaa chini ya nguo. Kipande cha kitenge na sindano vinatosha kuushona.

Kama kuna simu yenye kamera, piga picha ya kila karatasi, mbele na nyuma. Picha hizo mtumie pia ndugu mmoja unayemwamini, kwa sababu simu nayo huibiwa. Namba ya kitambulisho cha familia iandike mahali pengine, au ukariri. Karatasi ikipotea, ripoti polisi upate barua ya kupotelewa, kisha uende OPM ukiwa na namba hiyo.

Dawa nazo zikae mkononi. Zisiwekwe juu ya lori penye jua kali. Mwenye kisukari anayetumia insulini, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine chenye mchanga uliolowa kati yao husaidia kuiweka baridi nyumbani. Safarini iviringishe kwenye kitambaa chenye unyevu, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, na uiweke kivulini.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Chakula. Familia nyingi hupoteza chakula wakati wa kuhama kwa sababu kimefungwa kikiwa na unyevu. Nafaka yenye unyevu ikifungwa huota ukungu, na ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuwa na sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Nafaka yenye ukungu usiile, wala usimpe mtoto.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mahindi au maharage yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, yenye kifuniko. Tia nafaka hadi robo ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, kisha uache kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina unyevu. Irudishe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Chupa ikibaki safi, nafaka iko tayari kuhifadhiwa.

Nafaka kavu sasa itie kwenye jerikeni. Jerikeni iwe safi na kavu kabisa ndani. Jaza hadi juu mdomoni, ukiitikisa ili nafaka ishuke na hewa ipungue. Funga kifuniko kwa nguvu, na kama kinapitisha hewa, weka kipande cha plastiki chini yake. Wadudu waliomo wataishiwa hewa na kufa, na wa nje hawataingia. Hakuna haja ya dawa yoyote. Usifungue fungue kila siku: tenga jerikeni moja ya kula, nyingine zikae zimefungwa. Siku ya kuhama, unaibeba kama ilivyo, hata mvua ikinyesha.

Onyo: jerikeni iliyowahi kubeba mafuta ya taa, petroli au dawa ya shambani haifai kwa chakula wala kwa maji, hata ukiiosha mara kumi. Ipake alama ya rangi nyekundu ili watoto wasikosee.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Jikoni. Sufuria ziingiane, ndogo ndani ya kubwa, na kati yake weka nguo za kuvaa. Hapo umefunga nguo na sufuria kwa nafasi moja. Sahani za kioo au za udongo zisimamishe kwa ukingo ndani ya ndoo, usizilaze moja juu ya nyingine, maana zikilala zinabeba uzito wa wenzake kila gari linaporuka shimo. Vikombe vivalishe soksi. Visu vifungwe kwenye kitambaa kizito, ncha zikielekea chini, na mzigo huo utiwe alama.

Godoro litangulie juani siku nzima. Tazama mishono na fremu ya kitanda. Kama kuna kunguni, mwaga maji yaliyochemka kwenye mbao, na uchemshe shuka. Usiwabebe wageni hao hadi nyumba mpya. Kisha viringisha godoro, libane kwa goti, lifunge kwa kamba sehemu tatu, na ulifunike na turubai. Ndani ya mviringo wa godoro unaweza kuweka kioo au redio.

Sigiri itolewe majivu yote na ipoe kabisa tangu usiku uliotangulia. Kaa moja tu linalofuka ndani ya majivu linaweza kuchoma lori lote. Mafuta ya taa na kiberiti visikae karibu, na visikae karibu na chakula.

Sasa alama. Chukua kitenge kimoja kilichochakaa, ukichane vipande virefu. Kila mzigo wako ufungwe kipande kimoja. Kwenye lori la familia nyingi, magunia yote yanafanana, lakini kitenge chako unakijua hata gizani. Kisha kila mzigo upewe namba: 1, 2, 3 hadi mwisho. Kwenye daftari andika, "Namba 4: sufuria na nguo za watoto. Namba 5: maharage." Nje ya mzigo andika namba tu. Mwizi asisome kilichomo.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Usafiri. Tuseme unahama kutoka Jinja kwenda Mbale. Barabara inapita Iganga, inakata kushoto Nakalama, inapita Namutumba, Tirinyi na Budaka, kisha unaona Mlima wa Wanale mbele yako. Ni safari ya saa chache kwa gari zima. Lakini kwa gari bovu, mvua ikinyesha, siku inaweza kuisha barabarani.

Kabla ya kukodi gari zima, ulizia magari yanayorudi tupu. Kuna malori yanayoshusha kabichi, vitunguu na ndizi kutoka miteremko ya Elgon kwenye masoko ya mijini. Dereva anayerudi bila mzigo atakubali bei nafuu kuliko yule unayemtoa kwake. Nenda sokoni asubuhi uzungumze naye mwenyewe, na umwombe mtu anayejua bei akusindikize.

Mkubaliane mambo manne kwa sauti, mbele ya shahidi, na uyaandike: bei yote, nani anapakia na kushusha, atafika hadi mlangoni au hadi barabarani, na itakuwaje gari likiharibika. Lipa sehemu mwanzoni na nyingine baada ya kushusha. Andika namba ya gari kabla halijaondoka.

Ondoka alfajiri ili ushushe mzigo jua likiwa juu. Epuka, kama unaweza, kilele cha mvua, Aprili na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Mizigo mizito iende chini na mbele karibu na dereva, myepesi juu, na turubai lifunike vyote hata kama anga ni jeupe.

Mtu mzima mmoja abaki pale mnapotoka hadi mzigo wa mwisho upande. Mwingine atangulie au afike pamoja na gari, akiwa na daftari. Kila mzigo unaposhuka, weka alama kwenye namba yake. Dereva asiondoke kabla namba zote hazijatimia. Watoto wasikae juu ya mzigo. Kila mtoto mdogo ashonewe mfukoni karatasi yenye jina lake na namba ya simu ya mzazi, na akabidhiwe mtu mmoja mzima kwa jina: "Leo wewe ni wa shangazi." Mtoto wa kila mtu ndiye anayepotea stendi.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Mfuko wa usiku wa kwanza. Huu unapakiwa mwisho ili ushuke wa kwanza. Ndani yake: sufuria moja, kiberiti, unga na chumvi, sabuni, tochi, chandarua, mkeka au blanketi, vitambaa vya mtoto, vitambaa au pedi za mama na wasichana, nyundo na misumari, kufuli mpya, na maji ya kunywa. Ukiwa na mfuko huo, hata gari likichelewa, watoto watakula na kulala. Kufuli ya zamani ya chumba usiiamini, maana hujui nani ana ufunguo.

Na sasa jambo zito kuliko yote niliyosema. Mbale usiku kuna ubaridi unaoshuka kutoka mlimani. Mvua ikinyesha na nguo zikilowa, mtu huingiza sigiri yenye moto ndani, anafunga mlango na dirisha, wanalala. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na isiyoonekana. Inakufanya uumwe kichwa, usikie usingizi, na usiamke. Familia nzima inaweza kufa hivyo. Usilale na sigiri ndani. Usiiweke ndani ya lori lililofunikwa turubai watu wakiwemo. Mtu akikutwa amezidiwa, mtoe nje kwenye hewa haraka na umkimbize hospitali. Baridi tuipambane kwa nguo kavu na blanketi, na ndiyo maana blanketi linakaa kwenye mfuko wa usiku wa kwanza.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Neno la mwisho ni kuhusu siku ambayo hakuna muda wa kufunga. Mafuriko ya Mbale yalikuja usiku. Mlima wa Bududa haukumsubiri mtu. Siku ya namna hiyo, acha mzigo. Shika watoto, wazee na wagonjwa, vaa mkoba wa nyaraka unaotundikwa karibu na mlango, pandeni mahali pa juu mbali na mto na mbali na mteremko unaomomonyoka. Usivuke maji yanayokwenda kwa kasi, hata kama yanafika magotini tu. Usirudi ndani kwa ajili ya godoro. Uganda, namba za dharura za polisi ni 999 au 112.

Watu wengi hufa wakirudi kuchukua kitu. Lakini kama nyumba yako imepangwa, nafaka iko kwenye jerikeni iliyofungwa, nguo ziko kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, na nyaraka ziko mwilini mwako, basi hata ukikimbia mikono mitupu, ukirudi utakuta kitu cha kuanzia.

Tuyakumbuke kwa ufupi. Uliza ofisini na kagua chumba kabla ya kufunga. Gawa mafungu matatu. Hifadhi kwenye vyombo vya kubebea. Nyaraka na dawa mwilini. Nafaka kavu kwenye jerikeni. Kitenge na namba kwa kila mzigo. Mapatano na dereva yaandikwe. Mfuko wa usiku wa kwanza upakiwe mwisho. Sigiri ilale nje. Na maji yakija, watu kwanza.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Mkiambiwa leo mnahama kesho asubuhi, ni kitu gani nyumbani kwenu kingekuchelewesha zaidi? Unaweza kukirekebisha wiki hii?

2. Nyaraka za familia yako ziko wapi sasa hivi? Ni nani mwingine anayejua?

3. Katika mtaa wenu, ni nani wazee, wajane au wagonjwa ambao hawawezi kujifungia mzigo? Mtagawana vipi kazi ya kuwasaidia?

4. Jaribuni kipimo cha chumvi na chupa kwa mahindi ya mmoja wenu. Mmeona nini?

MTANGAZAJI: Hadi hapo tumefika mwisho wa kipindi cha leo. Mwambie na jirani. Na kama unahama wiki hii, tunakutakia safari njema, ufike salama, na hesabu ya mizigo itimie. Kwaherini.

(MUZIKI WA KIPINDI HADI MWISHO.)